Kompyuta 30, wanafunzi 200: uandishi wa programu ufundishwe vipi kwa vitendo?

Swali: *Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Nimepewa somo la utangulizi wa kuandika programu, mwaka wa kwanza, wanafunzi 200 na ushee. Maabara yetu ina kompyuta 30 zinazowaka. Mkuu wa idara anasisitiza tufundishe kwa vitendo, nami nimeitikia: kila wiki napanga zamu za maabara, natoa swali, wanafunzi wanaandika. Ukweli ni kwamba wanaoandika ni wachache, wengine wanasubiri flashi ipite. Kazi wanazowasilisha zinafanana hadi makosa ya tahajia. Mtihani ukija, nusu wanashindwa swali ambalo wiki tatu kabla walilipatia alama zote. Ninakosea wapi? Niongeze saa za maabara? Na je, nihame kutoka lugha ya programu ya C kwenda Python?*

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Nianze na hilo la saa za maabara, maana jibu lake ni fupi: usiongeze. Ukiongeza saa na zoezi likabaki lilelile, utasahihisha kazi nyingi zaidi zinazofanana. Kompyuta chache ni tatizo, sikatai, lakini si hilo linalokuangusha. Kinachokuangusha ni kile unachomtaka mwanafunzi afanye anapoketi. Unamkabidhi skrini tupu na kumwambia aandike, na kuandika programu kutoka kwenye skrini tupu ndicho kitendo kigumu kuliko vyote katika somo hili. Umeanza na cha mwisho.

Hili la nusu ya darasa kushindwa halikuanzia kwako. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Michael McCracken waliwapima wanafunzi 216 wa vyuo vikuu 4 vya nchi tofauti, waliokuwa wamemaliza masomo ya mwanzo ya programu. Waliwapa kazi ya kuunda kikokotoo. Wastani ulikuwa alama 22.89 kati ya 110. Mwaka 2004 Raymond Lister na wenzake, safari hii katika nchi 7, wakashuka ngazi moja: hawakuwataka wanafunzi waandike chochote, waliwapa programu fupi iliyokwisha kuandikwa wakawauliza itatoa nini. Wengi walikwama hata hapo. Sasa jiulize, mtu asiyeweza kufuata mistari kumi iliyoandikwa na mwingine ataandikaje kumi ya kwake? Atakopi. Hana njia nyingine, na wewe umempa saa mbili na mashine ya kukopia.

Siku hizi vyuo vyetu vinahimiza vitendo kuliko wakati wowote. Mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umesukuma vyuo vya umma vipitie mitaala upya na umeleta majengo na vifaa. Ni jambo jema. Ila vikaoni vitendo vinahesabiwa kwa saa zilizotumika maabara, na mkono wa mwanafunzi unaweza kubofya kibodi saa nzima huku kichwa chake kikiwa kwenye bumu litakaloingia Ijumaa. Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni na kuchapisha majumuisho mwaka 2014: kwenye madarasa ya mhadhara mtupu waliofeli walikuwa 33.8%, kwenye madarasa ambamo wanafunzi wanashughulishwa 21.8%. Shughuli zenyewe nyingi hazikuhitaji mashine. Ni kujibu swali, kubishana na jirani, kutatua jambo kwenye karatasi kabla mwalimu hajalitatua ubaoni.

Kijana anayejifunza ufundi gereji hapewi injini aiunde. Anaanza kwa kushika tochi, anasikiliza mlio, anaulizwa "unadhani tatizo ni nini?", anafungua boliti za injini iliyoharibika, na siku atakapoachiwa gari peke yake amekwisha kuona mengi yaliyokufa na yaliyofufuliwa. Mwanafunzi wako naye apite huko: atabiri, aendeshe, achokonoe, akarabati, kisha atunge.

Tuanze na kutabiri, kwa sababu hapo ndipo pa kupata faida kubwa kwa gharama ndogo, tena pale pale ukumbini ulipo na watu wote 200. Andika hii, kwa Python, kwenye projekta (`print` ni amri ya kuonyesha thamani kwenye skrini):

```
bei = 500
nauli = bei
bei = 700
print(nauli)
```

Usiiendeshe. Kila mmoja aandike daftarini kitakachotokea: moja, 500, mbili, 700, tatu, kosa. Halafu wanyooshe vidole mbele ya kifua, si juu ya kichwa, ili wa nyuma asiige. Utashangaa wingi wa 700. Hao si wajinga. Wamezoea Excel, ambamo ukigusa seli moja na zile zinazoitegemea zinabadilika papo hapo; na hisabati ya sekondari imewafundisha kwamba alama ya = ni usawa wa kudumu. Hapa ni amri ya mara moja: chukua thamani iliyoko kulia, iweke chini ya jina lililoko kushoto, basi. Lakini usiwaambie hivyo bado. Waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti amshawishi kwa dakika mbili. Piga kura tena. Ndipo uiendeshe.

Mtindo huu ulianzishwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwaka 1991. Kwenye kompyuta umefanyiwa kazi sana Chuo Kikuu cha California, San Diego: Leo Porter, Cynthia Bailey Lee na Beth Simon walichapisha mwaka 2013 ulinganisho wa kozi nne, na waliofeli walishuka kutoka wastani wa 20% hadi 7%. Sikuahidi tarakimu hizo katika ukumbi wako, ambako pengine nusu wamesimama mlangoni. Ninachokuahidi ni kwamba kwa mara ya kwanza utajua wanafikiri nini kabla ya mtihani kukuambia.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye kutunga maswali. Kila jibu potofu liwe ni imani ambayo mtu fulani darasani anayo kweli; majibu ya kujazia nafasi hayamfundishi mtu. Chimbo lako ni makaratasi ya mtihani wa mwaka jana. Yafungue, tafuta kosa lilelile lililorudiwa na watu arobaini, hilo ni swali la wiki hii. Kura ya kwanza ikionyesha zaidi ya 70% wamepata, pita, usipoteze muda. Wakiwa chini ya 30%, mabishano hayatasaidia, maana vipofu watakuwa wanaongozana. Eleza kidogo kwanza. Katikati ya hapo ndipo mjadala unapozaa.

Na mjadala huo waache waufanye kwa Kiswahili. Najua kanuni za chuo, najua mtihani ni wa Kiingereza. Lakini mwanafunzi anayemweleza mwenzake kwamba "nauli ilishachukua mia tano yake ikaondoka, bei ikibadilika haimhusu" ameelewa jambo, na anayekariri sentensi ya kitabu neno kwa neno huenda hajaelewa lolote. Kiingereza cha mtihani wafanyie zoezi baadaye, wakishajua wanachosema.

Sasa maabara. Sue Sentance, aliyefanya kazi zaidi na shule za sekondari Uingereza, amepanga mtiririko unaofuata njia hiyohiyo: tabiri, endesha, chunguza, badilisha, kisha tengeneza ya kwako. Usiudharau kwa kuwa ulitungiwa watoto wa sekondari. Mwaka wa kwanza wetu wengi hawakugusa kompyuta sekondari. Acha nikuonyeshe zoezi moja linavyokwenda, hatua kwa hatua.

Kwenye kila meza kuna faili lenye mistari miwili:

```
kiasi = input("Kiasi cha kutuma: ")
print(kiasi * 2)
```

Kwanza karatasi: nikiingiza 5000, skrini itaonyesha nini? Wote wataandika 10000. Wanaendesha. Inatoka 50005000. Hapo maabara inachangamka, wengine wanadhani kompyuta yao ni mbovu, wanachungulia ya jirani nayo imetoa vilevile. Usieleze. Waulize: mkibadilisha 2 kuwa 3 itakuwaje? Andika kwanza, endesha baadaye. Kisha wabadilishe mstari wa pili uwe `print(kiasi + 100)`. Sasa programu inakufa kwa maandishi mekundu, na hapa ndipo penye somo ambalo vitabu vingi vinaliruka: kusoma ujumbe wa kosa. Mwanafunzi akiona wekundu huufunga, huita mwalimu, au hufuta kila kitu. Mfundishe aanze na mstari wa mwisho kabisa chini. Kwenye Python ndio unaotaja aina ya kosa, hapa `TypeError`, na sentensi inayosema maandishi hayaunganishwi na namba. Kisha apande juu kidogo kutafuta namba ya mstari. Mpe dakika tano auseme ujumbe huo kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kugusa kibodi.

Sasa wakiambiwa kwamba `input` huleta maandishi hata ukibofya tarakimu tupu, wanalipokea kama jibu la swali walilokuwa nalo. Wanaweka `int`, inayogeuza maandishi kuwa namba. Inafanya kazi. Unapita mezani kwa mmoja unaingiza 5,000 yenye mkato, namna Mtanzania anavyoandika fedha. Inakufa tena, `ValueError`. Nani mwenye kosa, mtumiaji au programu? Waache wagombane. Saa moja imekwisha kwa mistari miwili, na wameondoka na aina za data, ubadilishaji wa aina, makosa mawili tofauti na mtumiaji asiyefuata maelekezo.

Wiki inayofuata wape kitu kilichoharibika. Hii inakokotoa makato ya kutuma fedha; viwango nimevibuni:

```
def makato(kiasi):
    if kiasi > 0:
        return 50
    elif kiasi > 5000:
        return 150
    elif kiasi > 20000:
        return 400
```

Programu hii haileti kosa lolote jekundu. Ukiiuliza 3000 inajibu 50, sahihi. Ndiyo maana ni nzuri. Marufuku kuigusa mpaka watoe, kwa maandishi, kiasi kimoja ambacho jibu lake ni sahihi na viwili ambavyo jibu lake si sahihi. Wakigundua kwamba mtu wa 30000 naye anakatwa 50 wataelewa kwa nini mpangilio wa masharti una maana: la kwanza linawameza wote, yale mengine mawili hayafikiwi kamwe. Wakishapanga upya, uliza la mpakani. 5000 kamili iko kundi gani? Na sifuri? Sifuri inarudisha `None`, yaani "hakuna kitu", jambo ambalo hawajawahi kuliona, na mwenye udadisi atauliza. Tayari wanapima programu, somo ambalo kwa mtaala wako huenda liko mwaka wa tatu.

Baada ya hayo ndipo unaposema: sasa andika yako, inayokokotoa bili ya maji. Skrini tupu haitakuwa tupu tena, maana kichwani ana mifupa ya kuanzia.

Kuhusu uhaba wa mashine. Kompyuta 30, watu wawili wawili, ni wanafunzi 60 kwa zamu. Zamu nne zinakutosha. Na wawili kwenye mashine moja ni bora kwa wanaoanza hata kama ungekuwa na mashine za kutosha. Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walifuatilia jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kukuta waliofanya kazi kwa jozi walibaki kwenye kozi hadi mwisho kwa wingi zaidi. Sharti ni moja: mmoja anashika kibodi, mwingine ndiye anayesema kiandikwe nini, na kila baada ya dakika kumi wanabadilishana. Weka kengele ya simu, usitegemee uungwana wao. Na usimuunganishe anayejua sana na asiyejua kitu ukidhani utamsaidia wa pili. Wa kwanza atanyang'anya kibodi kabla kengele ya kwanza haijalia. Waunganishe wanaolingana. Wawili wasiojua watalazimika kuulizana.

Kuna zoezi jingine la bei ya karatasi. Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand walilichapisha mwaka 2006: chukua programu sahihi, ikate mstari mmoja mmoja, vuruga, ongeza mstari au miwili ya uongo, mwanafunzi aipange. Kuna programu za kufanya hivyo kwenye skrini, lakini mkasi na bahasha vinatosha, na umeme ukikatika zoezi haliharibiki. Mimi siku zote napenda kuwa na bahasha hizo kwenye begi. Vilevile jedwali la kufuatilia: safu moja kwa kila variabo (jina linalobeba thamani), mwanafunzi anajaza thamani mstari kwa mstari. Ni kazi ya kuchosha na wataikataa. Shikilia. Asiyeweza kujaza jedwali la lupu, yaani mistari inayorudiwa, inayozunguka mara nne hajaielewa lupu, hata kama programu yake inafanya kazi.

Wenye laptopu wawekee Thonny, programu ya kuandikia na kuendesha Python, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Inakuja na Python ndani yake, hivyo ukiibeba kwenye flashi hawahitaji bando, na inaweza kuendesha programu hatua kwa hatua ikionyesha thamani zinavyobadilika. Philip Guo ana Python Tutor, inayochora kumbukumbu ya kompyuta kwa visanduku na mishale vizuri kuliko chombo chochote ninachokijua, ila hiyo inataka intaneti. Itumie wewe kwenye projekta. Wenye simu za Android wapo wanaotumia Pydroid 3, ya kuendesha Python kwenye simu, haihitaji mtandao ikishawekwa. Skrini ndogo haifai kutungia programu ndefu, lakini kwa kuthibitisha utabiri wa mistari minne inatosha kabisa, na hostelini usiku ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo wengi.

Sasa flashi inayopita. Itapita tu. Ukiweka alama zote kwenye faili la mwisho, umeweka bei sokoni na wachuuzi watatokea. Mimi ningegawa alama hivi: sehemu kwa karatasi za utabiri, zinazokusanywa kabla ya kuendesha na kutolewa alama kwa kuwa zimejazwa, hata kama utabiri umekosea, sehemu kwa kazi yenyewe, na sehemu kubwa zaidi kwa dakika tatu za ana kwa ana. Katika dakika hizo humwulizi "hii umeandika wewe?" Hiyo itakuletea viapo tu. Unamwambia: fanya atakayetuma chini ya 1000 asikatwe kitu. Sasa hivi, mbele yangu. Aliyeandika, au hata aliyekopi kisha akakaa akaielewa, atatafuta mstari wa kwanza wa masharti. Asiyeijua ataanza kupandisha na kushusha ukurasa. Dakika tatu mara 200 ni saa kumi. Huwezi peke yako kila wiki, nami sisemi kila wiki. Mara mbili kwa muhula, ukisaidiwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu, inawezekana.

Njia hiyohiyo ndiyo inayokukinga na ChatGPT, ambayo tangu ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022 imekuwa flashi kubwa kuliko zote. Kazi za mwaka wa kwanza inazimaliza kwa sekunde. Kupambana nayo kwa programu za kunusa wizi ni kupoteza fedha za chuo. Ndani ya maabara, wiki za mwanzo, izuie. Sababu waambie waziwazi, kwamba inafanya kile hasa wanachotakiwa wajifunze kufanya. Muhula wa pili iingize kwa mlango wa mbele: wape programu iliyoandikwa nayo wakutafutie kiasi kinachoivunja. Ni zoezi la makato tena.

Lakini haya yote yatakufia mkononi kama mtihani wa mwisho haubadiliki. Mwanafunzi hasomi mtaala, anasoma mtihani uliopita. Karatasi ikisema "taja faida tano za lugha ya C", atatafuta madesa yenye faida tano, na yuko sahihi kufanya hivyo. Vyuo vyetu vingi vinatoa alama 60 kwa mtihani huo, kwa hiyo ndio unaofundisha kuliko wewe. Kama idara haikuruhusu mtihani wa kwenye mashine, karatasi nayo inaweza kupima vitendo: itatoa nini programu hii, mstari upi una kosa na thamani gani italifichua, panga mistari hii, kamilisha fanksheni hii iliyobaki mistari mitatu. Swali la kutunga kutoka mwanzo liwe moja, mwishoni, fupi. Na uondoe kabisa maswali ya kufafanua istilahi. Najua yanasaidia watu wasikamatwe na sapu, na ndiyo ubaya wake.

C au Python? Ningekuwa na uamuzi, Python kwa muhula wa kwanza, kwa sababu kati ya wazo na matokeo hakuna takataka nyingi za kuvuka. Lakini kubadilisha somo kwenye mtaala kunapita idarani, kwenye seneti hadi Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na wanafunzi wako wanaanza Oktoba. Kama ni C, fundisha C kwa njia hizihizi; hakuna zoezi hapo juu linalohitaji Python, ukiondoa lile la 50005000, na C ina lake la kufanana: `scanf("%d", kiasi)` bila alama ya `&`. Inakompailika, yaani inageuzwa kuwa lugha ya mashine bila kugoma, kisha mara nyingi inaanguka ukiingiza namba. Wazoeze kukompaili kwa `-Wall` ili waonywe mapema. Na kumbuka kwamba kusoma makosa kwenye C ni kinyume cha Python: anza na kosa la kwanza juu, lirekebishe, kompaili upya, maana mara nyingi yale ishirini ya chini yamezaliwa na nukta-mkato moja iliyosahaulika.

Miradi mikubwa iache mpaka muhula wa pili. Ikifika, chagua kitu chenye mtumiaji anayeonekana. Menyu ya USSD, ile ya kubofya nyota na reli kwenye simu, inafaa sana kwetu, na Africa's Talking ya Nairobi ina kiigizaji cha simu ambacho mwanafunzi anaweza kujaribia bila kulipia namba. Walioko Kenya wana pia uwanja wa majaribio wa Daraja, wa Safaricom, kwa malipo ya M-Pesa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maabara ya DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo, ambako kazi ya mikono inagusa mfumo unaotumika hospitalini. Wewe huhitaji kufika huko mwaka huu. Duka la vocha la jirani na chuo linatosha, mradi mwenye duka mwenyewe aje aitumie programu na kulalamika.

Ukienda kwa mkuu wa idara wiki hii, usifungue mazungumzo kwa kuomba kompyuta, maana atakujibu bajeti. Omba vitu vitatu visivyo na bajeti kubwa. Saa mbili za mfululizo kwa kila zamu, zisikatwe katikati na kipindi kingine. Wanafunzi wanne au watano wa mwaka wa tatu wakae maabara nawe, wahesabiwe hata kwa barua ya utambuzi kama posho haipo; wachague wenye subira, hodari asiye na subira atawaandikia wenzake kazi. Na ruhusa ya maandishi ya kubadilisha muundo wa mtihani kabla muhula haujaanza, kwa sababu mtunzi mwenza wa karatasi ile akija na maswali ya mwaka juzi, utahitaji kitu cha kumwonyesha.